Dada Aliyekuzwa na Redio

Asubuhi ile, kama asubuhi nyingine zote, msaidizi wa daktari wa meno alifika kazini kabla ya daktari. Akafungua madirisha ili harufu ya dawa itoke, akapangusa kile kiti kirefu kinacholaza watu chali, kisha akaanza kupanga vifaa kwenye sinia: kioo kidogo chenye mpini, chokonoo, koleo kubwa, koleo dogo, pamba, na sindano ya ganzi. Sindano aliifunika kwa kitambaa. Hilo halikuwa suala la usafi. Wagonjwa wakiiona tu, hukumbuka ghafla kwamba jino lenyewe wala halikuwa linauma kiasi hicho.

Nyumbani walimwita Mdogo. Kazini pia alisema wamwite Mdogo, kwa sababu jina lililokuwa kwenye karatasi zake halikuwa lake, naye hakupenda kulitembeza mbele za watu; ilitosha kwamba liliandikwa kwenye kitambulisho cha plastiki alicholazimika kuvaa.

Redio ilikaa mapokezi, juu ya kabati la mafaili. Baada ya habari ilisoma nyota. Msomaji alikuwa mzee mwenye sauti ya mtu aliyemeza kitu cha moto na hataki kusema.

"Wenye Nge," ikasema redio, "huu ni wakati wa kukua. Acheni ya zamani, yapokeeni mabadiliko kwa mikono miwili. Kiti mlichokuwa mnakitazama kwa jicho la pembeni kitakuwa wazi. Kikalieni."

Redio haijafunga mdomo, fundi wa meno bandia akatoka chumba cha nyuma, mikono imejaa plasta, akatangaza kwamba anaacha kazi. Magoti yamemshinda. Anakwenda kukaa kwa mwanawe, akae akitazama watu wengine wakifanya kazi.

"Umesikia?" akamwuliza Mdogo. "Nge si ndiyo nyota yako?"

"Kwenye karatasi," Mdogo akajibu.

Kiti chenyewe kilikuwa stuli ya mbao mbele ya benchi refu, chini ya dirisha pekee linaloingiza jua. Kwa miaka mingi, saa za chakula, Mdogo alikuwa akikaa pembeni ya benchi lile, na fundi akimwachia kipande cha nta achonge. Alichonga magego, akachonga meno ya mbele, mengine yamepishana kidogo, maana fundi alimwambia meno yaliyonyooka sana hayaaminiki. Hakuna kitu kingine duniani alichokuwa akikitaka. Wenzake walitaka nyumba, walitaka wachumba, walitaka kusafiri. Yeye alitaka stuli.

Akajigusa nyuma ya shingo kidogo, chini ya nywele. Machale yake yalikaa hapo. Yakimcheza, humcheza kama mtu anayegonga mlango kwa kidole kimoja. Yaliwahi kucheza kabla bomba la mapokezi halijapasuka, na siku nyingine kabla mzee mmoja hajazimia kwenye kiti. Asubuhi ile hayakucheza. Mdogo alijua sababu. Ujumbe haukuwa wake.

Mama yake alikuwa amemzaa mtoto wa kwanza wakati wa Nge, akampa jina, akamwandikisha, na mtoto akafa meno hayajatoka. Mdogo alipokuja kuzaliwa baadaye, baba aliikumbuka ile foleni ya ofisi ya vizazi, akakitazama cheti kilichokuwa sandukuni, kipya kabisa, hata hakijakunjwa. Akasema hakuna haja ya kusumbua watu wa serikali. Karatasi bado nzima. Basi Mdogo akapewa jina la marehemu, tarehe ya marehemu na nyota ya marehemu, vyote vikiwa vimetumika kidogo sana.

Kwa hiyo alianza shule miguu yake haijafika sakafuni, na kwa hesabu ya serikali atastaafu kabla hajachoka. Haikuwa siri. Mashangazi walijua, majirani walijua, hata mwalimu wa darasa la kwanza alijua, akamruhusu tu awe anasinzia dawati la nyuma.

Marehemu alirudi Mdogo akiwa darasa la pili. Mama ndiyo kwanza alikuwa amenunua redio, na siku hiyo redio ilisema wenye Nge watapiga hatua. Mama akamfuata Mdogo kwa macho tangu asubuhi aone atapiga hatua gani. Mdogo akaenda shule, akarudi, akala, akacheza, akaanguka. Jua lilipokuwa linazama, mlango wa mbele ukasukumwa kwa chini, akaingia mtoto mchanga anatambaa, amevaa kigauni kile kile alichozikwa nacho. Akafika katikati ya sebule, akashika mguu wa meza, akasimama. Akapiga hatua.

"Umechelewa," mama akamwambia, akamfuta pua.

Tangu hapo akawa anakuja kila jioni, na kila walichoahidiwa wenye Nge kilimwendea yeye. Redio ikisema wenye Nge watang'ara, jioni anaingia na meno mawili. Ikisema watasikilizwa na wakubwa, jioni anaanza kusema, tena kwa sentensi ndefu ndefu. Ikisema watapata mtu wa kuwaongoza njia, analetwa mpaka mlangoni na mlinzi wa makaburi, mtu mwenye heshima zake, ambaye katika miaka yote hiyo alilalamika mara moja tu, kwamba binti akitoka hafungi geti na mbuzi wanaingia. Akamfikia Mdogo kimo, akampita, akafika mahali anapotakiwa kuwa dada mtu, akatulia hapo. Majirani walimsifu kwa ngozi yake. Baba yao alipofariki, watu walidhani naye angekuwa anapitapita jioni. Hakupita. Hata enzi za uhai wake alikuwa mtu wa kulala mapema.

Mdogo, yeye, hakuguswa na utabiri hata mmoja. Alivaa rangi zilizotajwa, akasubiri wageni walioahidiwa, akajiepusha na safari zilizokatazwa. Haikuwa hivi wala vile. Hakuchukia. Alizoea, kama mtu anayekaa jirani na kituo cha treni na hana pa kwenda.

Jioni ya siku ile aliyotangaza fundi, dada mtu alikuja mapema kuliko kawaida. Alikuwa na mkoba mpya. Akaubusu mkono wa mama, akavuta kiti cha kichwa cha meza, kilichokuwa chake, akakaa.

"Mdogo wangu," akasema, "nasikia kwenu kuna nafasi."

"Umesikia wapi?"

"Redioni."

"Huko nako kuna redio?"

"Kwa nini isiwepo? Unadhani tumekaa tu?"

Mama akamimina chai. Kikombe cha kwanza akamwekea mkubwa, ambaye hakuwahi kunywa, cha pili akakichukua mwenyewe, kisha akatikisa birika aone kama kimebaki cha tatu.

"Dada, ile kazi naitaka mimi," Mdogo akasema. Aliisema taratibu, kama mtu anayetaja chumvi.

"Najua. Na mimi sikatai, ichukue. Sijawahi kukuzuia kitu." Dada akamtazama kwa huruma ya kweli, maana hakuwa mtu mbaya. "Lakini wewe mwenyewe si unaona jinsi mambo yanavyokupita? Mimi naitwa, naitika. Watu wengi wanaogopa kukua, Mdogo. Mimi nilianza nikiwa nimekufa, na nitazame."

"Mpishe mkubwa wako," mama akasema. "Tena chukua sahani ile, ina nzi."

Kesho yake, alipotoka kazini, Mdogo akaenda moja kwa moja kwa msoma nyota. Mzee yule asubuhi alisoma redioni na mchana alitengeneza saa, katika kibanda chembamba kilichobanwa kati ya duka la viatu na mahali pa kuchaji simu. Alikuwa amebana lenzi kwenye jicho moja, na hakuitoa kwa ajili ya maongezi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Saa imekufa?"

"Saa ni nzima. Nyota ndiyo haifanyi kazi."

"Nge?"

"Umejuaje?"

"Wenye Nge mwezi huu wanapita hapa wanacheka peke yao barabarani. Wewe umenuna, na kitambulisho ulichovaa kina tarehe ya Nge. Kuna mtu anakula chakula chako."

"Ni dada yangu. Marehemu."

"Aah," mzee akasema, akapuliza vumbi kwenye saa ya mtu. "Basi hali chako. Anakula chake. Mimi nikisema wenye Nge, maneno hayaendi kwenye karatasi, yanakwenda kwa mwenye siku. Siku yako wewe ni ipi?"

"Siijui."

"Mama yuko hai?"

"Yuko, lakini hapendi kuizungumzia."

Mzee akafikiri. Saa zote ukutani zilikuwa zinasema mambo tofauti, na kila moja ilijiamini.

"Machale unayo?"

"Ninayo. Hapa."

"Yanacheza au ni mapambo?"

"Yanacheza."

"Vizuri. Kila asubuhi chukua nyota moja, ishi nayo mpaka jioni kama nguo ya kuazima. Isiyo yako itakubana au itakupwaya. Iliyo yako, shingo itasema. Ukishaipata, niletee shahidi aliyekuwepo ulipozaliwa, aseme ndiyo. Bila shahidi sisomi. Mjini humu nikisoma bila shahidi, kila mtu atadai kazaliwa siku moja na tajiri."

"Na nikiipata, stuli itakuwa yangu?"

"Nikiisoma, nitakachosoma kitakuwa chako. Ni kipi, sijui. Mimi nasoma kinachokuja. Unataka niibadilishe betri ya hiyo saa yako au umekuja kwa maongezi tu?"

Akabadilisha betri.

Asubuhi iliyofuata akaanza na Simba. Redio ilisema wenye Simba wasiogope kuinua sauti. Siku hiyo alikuwapo mgonjwa mmoja, bwana mnene mwenye duka la mabati, ambaye kila koleo likikaribia alifumba mdomo kama mlango wa benki. Mdogo akamwinamia, akasema, "Fungua!" Bwana akafungua. Watu wote waliokuwa wameketi mapokezi nao wakafungua, pamoja na yule aliyemsindikiza mkewe tu. Daktari akashukuru, akang'oa. Lakini shingo ilikaa kimya, na Mdogo alishinda siku nzima akijisikia amevaa koti la mtu mwingine, zito mabegani.

Akajaribu Mizani. Akatumia nusu saa kuamua aanze kuosha koleo kubwa au dogo, mpaka daktari akaosha mwenyewe. Akajaribu Mapacha, ambao waliahidiwa kurudiwa na mpenzi wa zamani. Akaja mwanamume na maua, akamtazama Mdogo, akatazama maua, akauliza kama hapa ndipo pale duka la dawa lilipokuwa zamani. Akajaribu Ndoo, wala hata hakukumbuka baadaye siku ile ilipitaje. Nyumbani, kila jioni, dada alikuwa akiongezeka uzuri. Alikuwa ameanza kupinda vidole vyake na kuvinyoosha, kama mtu anayejiandaa na kazi ya mikono.

Siku ya Samaki ilikuwa siku ya mawingu, wagonjwa wachache. Mdogo alikuwa anamshikia daktari mrija wa kunyonya mate, jino la mwanafunzi mmoja likizibwa. Redio ikakohoa.

"Wenye Samaki," ikasema, "mnachokitafuta hakijapotea. Hakikuwahi kuwekwa mahali."

Kidole kikagonga shingoni. Kikagonga tena. Kisha ikawa kama mkono mzima, kiganja wazi, umewekwa pale na kuachwa. Mdogo alisimama na mrija wake mkononi, mate ya mwanafunzi yakimwagikia kola.

"Vipi?" daktari akauliza.

"Nimezaliwa," Mdogo akasema.

"Hongera. Nipe pamba."

Alipofika nyumbani alimkuta mama anapiga pasi gauni la bluu lenye vifungo vya mbele. Lilikuwa la mkubwa, la kwenda nalo kwa daktari. Mama alikuwa anapitisha pasi kwenye kola kwa ncha, taratibu, kama anamfuta mtu machozi. Mdogo akakaa juu ya kapu la nguo ambazo bado hazijapigwa pasi.

"Mama, nilizaliwa wakati wa Samaki."

"Nani kasema?"

"Shingo."

Mama akageuza gauni upande wa pili. "Inawezekana."

"Unaikumbuka siku?"

"Nipe maji."

Mdogo akampa maji. Mama akanyunyizia mikono ya gauni, pasi ikachemka.

"Siku tu, mama. Hata saa siitaki."

"Ile siku mimi sikuwepo."

"Mama. Ulikuwepo. Ulikuwa unanizaa."

"Nilikuzaa, nani anabisha? Lakini sikuwepo." Mama hakuinua macho, wala sauti haikubadilika. "Nilikuwa bado namsikiliza yule. Nilikuwa nasema labda amelala, atalia, nitamsikia. Hata uchungu wako ulipokuja niliona wakunga wanapiga kelele, sitamsikia akilia. Wakaniletea wewe, nikakushika. Sikuhisi kitu, mkono umekufa ganzi mpaka begani. Wakaniuliza jina. Nikataja lile nililokuwa nalo mdomoni."

"Nilidhani ni baba. Eti foleni."

"Baba yako alitafuta sababu ya kuwaambia watu. Alikuwa mwanamume mwema."

Pasi ikaenda, ikarudi. Mdogo akangoja, akidhani kuna jingine litafuata, labda neno dogo tu, labda mkono. Mama akalishika gauni mabegani, akaliinua kwenye mwanga atazame kama kuna mkunjo.

"Wewe taja siku unayoitaka," akasema. "Nitakwenda kwa huyo mzee niseme ndiyo."

"Yoyote?"

"Yoyote. Kwangu mimi zote zilikuwa moja."

Mdogo akazitembelea siku za Samaki kichwani, moja moja, na mkono wake shingoni, mpaka akafika kwenye moja ambayo ilikuwa na joto kidogo kuliko wenzake. Akaitaja. Mama akatikisa kichwa kukubali, akaomba hanga.

Ahadi aliitimiza. Kesho yake, akirudi kununua vitunguu, mama alisimama kwenye kibanda, akamwambia mzee ndiyo, ni kweli, siku hiyo hiyo. Akamwuliza pia bei ya saa ya ukutani iliyokuwa na picha ya maporomoko ya maji. Mzee alimsimulia Mdogo baadaye kwamba kwa maisha yake yote hajapata shahidi aliyesema ndiyo akitazama kitu kingine hivyo, lakini ndiyo ni ndiyo, na kuanzia kesho atamsomea.

Kesho hiyo Mdogo akafika kazini mapema mno. Hakupanga sinia. Alivuta kiti mpaka chini ya kabati la mafaili, akakaa mbele ya redio kama mgonjwa anayesubiri kuitwa. Fundi alikuwa anafunga vitu vyake, maana ilikuwa siku yake ya mwisho, na daktari alikuwa amesema atakayekaa kwenye benchi atajulikana leo.

"Wenye Nge," ikasema redio, "leo ndiyo leo. Nendeni mkakae."

Zikapita nyota nyingine. Mdogo alisikia karatasi ikigeuzwa kule studio, akasikia mzee anameza mate.

"Wenye Samaki. Endeleeni kama mlivyo."

Basi. Likafuata tangazo la sabuni.

Shingo ilimgonga kwa nguvu mpaka akainama. Hapakuwa na shaka hata chembe. Maneno yale yalikuwa yake, yalikuwa yamemfuata yeye, kati ya watu wote wa mji ule yalikuwa yamemjua na kumkuta alipokaa. Alingoja aone kama atalia. Akangoja zaidi, kwa kuwa hakuwa mtu wa haraka. Kisha akainuka akaenda kupanga sinia.

Dada mtu aliingia mchana kweupe. Haikuwa kawaida yake kutembea juani, lakini redio ilikuwa imesema leo. Gauni la bluu lilimkaa kama limeshonewa mwilini. Akawasalimu waliokuwa mapokezi mmoja mmoja, akafungua mkoba, akatoa cheti alichopewa na mama kutoka sandukuni, akamkabidhi daktari kwa mikono miwili.

Daktari akasoma, akavua miwani, akavaa tena.

"Jina hili si la Mdogo?"

"La kwangu, daktari. Yeye aliazima."

Daktari akamgeukia Mdogo. "Kweli?"

"Kweli," Mdogo akasema.

"Uliwahi kufanya kazi ya meno bandia?" daktari akamwuliza dada.

"Bado. Nimeanza kukua na karibuni nimemaliza."

"Nipe mkono." Daktari akaushika mkono wake, akaubonyeza kiganja, akaushikilia kidogo kama anapima uzito wa embe. "Baridi sana."

"Ndivyo ulivyo."

"Sisemi vibaya. Huyu mzee wangu miaka yote analalamika nta inamlainikia mkononi. Mkono huu hauwezi kuyeyusha hata siagi." Akamwita fundi aje aone. Fundi naye akashika, akakubali kwamba mikono kama hii kaitamani maisha yake yote.

"Daktari," Mdogo akasema, "na mimi naijua kazi ile. Fundi ni shahidi. Nimechonga miaka."

Fundi akakohoa. "Anachonga vizuri," akasema. "Anachonga vizuri sana, sitadanganya." Kisha akautazama tena ule mkono wa baridi, akarudi kufunga vitu vyake.

"Sijakataa," daktari akasema. "Lakini Mdogo, nikikuhamisha wewe nani atanishikia mrija? Halafu karatasi ni ya mwenzio. Nikiulizwa huyu benchini ni nani, nitasema nini?" Hakuwa na hasira wala kejeli, alikuwa na mgonjwa anasubiri. "Wewe endelea kama ulivyo."

Mdogo akasikia shingo ikigonga mara moja, kwa upole, kama mtu anayepiga muhuri. Ulikuwa utabiri wa kwanza katika maisha yake kumtimilia, na ulikuwa umetimia kabla ya saa za chakula.

Kitambulisho chake, kile cha plastiki chenye jina, kikahamia kwenye kifua cha gauni la bluu. Dada mwenyewe ndiye aliyekivua kwenye koti la Mdogo, kwa uangalifu asitoboe kitambaa, akamshukuru kwa kukitunza.

Kabla fundi hajaondoka alitaka amwone mrithi wake akichukua umbo la kinywa, walau mara moja. Ilihitajika seti ya meno iliyokamilika, na wagonjwa wa siku ile wote walikuwa na mapengo. Mdogo alikuwa na meno yote. Akakaa kwenye stuli, pale pale chini ya dirisha, kwa kuwa ndipo penye mwanga. Jua lilikuwa limeipasha stuli moto. Ilikuwa imara kuliko alivyofikiria, na kwa urefu ilimfaa kabisa.

Dada akakoroga ule uji wa waridi wa kuchukulia umbo la meno mpaka ukawa mzito, akaujaza kwenye chuma chenye umbo la kwato.

"Fungua," akasema. "Zaidi. Sasa uma, taratibu. Usitikisike mpaka ishike."

Uji ukajaa mdomo mzima, baridi, hauna ladha. Dada akamshika kidevu asilegee. Alikuwa karibu sana, na Mdogo akaona kwamba pembeni mwa macho yake palikuwa pameanza mikunjo midogo miwili, myembamba, ya mtu aliyeishi.

"Mama anasema kwa kuwa nimeajiriwa, nisiwe narudi kule usiku," dada akasema. "Ni mbali, na mlinzi anazeeka. Nitalala chumba chako, wewe utahamia kile cha nyuma. Nimemwambia tukuulize kwanza."

Mdogo akasema kitu. Kwa sababu ya uji, hakikutoka.

"Inauma?"

Alikuwa ameambiwa asitikisike, kwa hiyo akainua kidole kimoja kuonyesha kwamba haiumi.

"Umejikaza kweli, mdogo wangu," dada akasema. "Wengine hutapika."

Uji uliposhika akauvuta, ukatoka na mlio mdogo. Akamimina plasta ndani, wakangoja ikauke, fundi akisimulia habari za mwanawe. Mwishowe dada akaligeuza lile umbo jeupe, meno yote yamo, hata lile la mbele lililopishana na jirani yake. Fundi akasema hajaona la kwanza likatoka safi hivi. Dada akachukua penseli, akaandika jina chini ya plasta haraka haraka, bila kuuliza, kama mtu anavyoandika jina lake mwenyewe, akaliweka rafuni kati ya mengine.

Mdogo akasukutua, akatema, akaosha beseni. Daktari alikuwa anaita mtu aje ashike taa. Akaenda.